Kompyuta ilisema insha si yake, nikamwaibisha mbele ya darasa. Sasa sina uhakika tena

Anti shikamoo,

Naomba jina langu lisitoke na shule usiitaje, mji sawa, niko Tanga. Ni mwalimu wa Kiingereza na Kiswahili sekondari, mwaka wa tisa huu niko kazini, na watoto wawili ninao. Nakuandikia saa sita usiku maana usingizi umekata kabisa, wiki ya pili sasa.

Nianze mbali kidogo ili unielewe. Darasa langu la kidato cha tatu lina wanafunzi 52. Miaka yote kufundisha insha kwangu ilikuwa hivi, natoa kichwa cha habari, wanaandika kwenye madaftari, nabeba madaftari 52 kwenye kiroba mpaka nyumbani, nasahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka macho yanauma, narudisha. Mtoto anafungua, anaangalia maksi, anafunga. Yale niliyoandika pembeni hayasomi. Insha inayofuata makosa ni yaleyale, "he go", "peoples", aya moja inatembea kurasa mbili haina nukta. Nikawa nasahihisha tu kwa sababu ndio kazi.

Mwishoni mwa mwaka jana shule ilipata kompyuta 18, zinazofanya kazi ni 14, na intaneti ambayo leo ipo kesho haipo. Nikaomba vipindi viwili kwa wiki, nikawafungulia watoto akaunti wakaanza kuandika kwenye Google Docs, ile programu ya kuandikia mtandaoni, kwa zamu, mashine moja watu watatu au wanne. Anti, we acha tu. Kuna kijana mmoja ambaye daftarini hajawahi kuvuka nusu ukurasa, nilimwekea komenti pale pembeni "hapa sijaelewa, mjomba alikuwa wapi wakati huo?", akanijibu chini yake "Madam alikuwa gereji ngoja niongeze", na kweli akaongeza mistari sita. Mistari sita! Nilikaa naangalia maneno yanavyotokea kwenye skrini mpaka machozi yakanilenga. Ndio mara ya kwanza katika kazi yangu kuona mtoto anarudia insha yake mara ya pili na ya tatu bila kulazimishwa, maana kurudia daftarini ni adhabu, unakopi upya kurasa nzima kwa mkono, lakini pale anafuta neno moja anaweka lingine basi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie. Kuna binti mmoja, mkimya, anakaa nyuma, maksi zake ni 9, 10, akijitahidi sana 11 kwa 20. Kwenye insha kubwa ya muhula niliwaruhusu wenye simu nyumbani waendelee kuandika huko. Akaleta insha ya Kiingereza kuhusu bibi yake anayekaanga samaki pale Deep Sea, kwenye soko la samaki. Kiingereza hakikunyooka kila mahali lakini insha ilikuwa na uhai, unasikia harufu kabisa. Kuna sentensi ameandika kwamba mafuta yalikuwa yameshaanza kuongea kabla ya adhana ya alfajiri. Nikaipenda, halafu hapohapo nikaingiwa na hofu. Nikasema huyu binti hawezi. Siku hizo ofisini kila mwalimu analalamika watoto wanaandikiwa na ChatGPT, ile programu ya akili mnemba (AI). Nikaingia kwenye tovuti moja ya bure inayopima kama maandishi ni ya AI, nikakopi insha yote nikaipachika humo, ikaniletea asilimia 94 ni AI.

Anti nilipata hasira kama mtu aliyeibiwa. Kesho yake nikasimama mbele ya darasa nikasema humu kuna mtu ametuletea insha ya mashine, nikamtaja jina, nikasoma ile sentensi ya mafuta kwa kejeli, darasa zima likacheka, nikamuuliza "wewe unajua kuandika hivi?" Hakujibu. Aliinamia meza tu. Nikaona kunyamaza ni kukiri, nikampa sifuri.

Mkuu wa shule alivyosikia akafurahi, akasema kuanzia sasa kila insha ipite kwenye kile kipimo na anayezidi asilimia 50 aadhibiwe, nikikataa anafunga mradi wote turudi kwenye madaftari. Baba wa binti akanipigia simu. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mwalimu, ulimuona akiibia?" Nikamwambia kompyuta imesema. Akakaa kimya, akasema ahsante, akakata.

Siku tatu baadae mwalimu wetu wa kompyuta, kijana mdogo tu, akanionyesha kitu nilikuwa sikijui, kwamba Google Docs inatunza historia, unaweza kurudi nyuma ukaona insha ilivyokuwa inakua. Tukaifungua ya huyu binti. Usiku nne. Kati ya saa tatu na saa tano usiku. Anaandika, anafuta, anaandika. Ile sentensi ya mafuta mwanzo aliandika mafuta yana kelele, akafuta, akaweka mafuta yanalia, akafuta, ndio akaweka yanaongea. Nilitoka nje ya ofisi nikalia. Lakini Anti, tulivyoendelea, usiku wa tatu kuna aya mbili nzima, zile za soko alfajiri, zimetua kwa mpigo mmoja. Hazikuandikwa polepole kama nyingine, zimetokea tu. Kwa hiyo hapo nimebaki njia panda.

Na kuna lingine ambalo hata mume wangu sijamwambia. Insha 52 zikirudiwa mara tatu ni zaidi ya 150, nilishindwa. Nikaanza kuziweka kwenye ChatGPT naiomba iniandikie komenti, nakopi nawapelekea watoto kama zangu. Hata andalio la somo siku nyingine ndio linaandika. Mtoto mmoja kaniandikia "asante Madam kwa kunielekeza vizuri", nikahisi kama nimemwibia.

Binti sasa hivi anakuja shule lakini karatasi anarudisha tupu, zamu yake ya kompyuta anamwachia mwenzake. Nifanyeje? Nikimuomba radhi mbele ya darasa halafu ikaja kujulikana zile aya mbili kweli kazitoa mahali, si nitakuwa nimewafundisha wote kudanganya? Mkuu wa shule nimwambie nini? Au niache tu haya mambo ya kompyuta, mtihani wa NECTA si wanafanya kwa kalamu na karatasi?

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba mwalimu wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa nje kibarazani maana ndani ilinibana kifua. Na mimi nilishika chaki miaka mingi kabla sijaanza kazi hii ya kusikiliza watu, kwa hiyo kile kiroba cha madaftari nakijua uzito wake.

Hebu nirudie nilivyokuelewa, nikikosea unisamehe. Ulipata chombo kilichowafanya watoto wapende kurudia kuandika. Ukakutana na insha nzuri kuliko ulivyomtarajia mwenye nayo. Ukauliza mashine, mashine ikakupa namba, ukaichukua ile namba ukaenda nayo mbele ya darasa. Sasa umepata ushahidi mwingine ambao unakuelekeza huku na huku, na wakati wewe unapima ushahidi, mtoto ameacha kuandika. Humo humo umebeba siri yako kwamba hata wewe mashine inakusaidia. Ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja saa sita usiku.

Tuanze na hiyo 94, maana naona bado inakutawala. Asilimia 94 ya nini? Vile vipimo havimuoni mtoto akiandika. Sehemu kubwa ya vinachofanya ni kuangalia maneno yanatabirika kiasi gani, yaani ukishasoma neno hili je neno linalofuata ni lile ambalo wengi wangeliweka. Yakitabirika sana kinasema ni mashine. Sasa fikiria mtoto wetu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kaingia kidato cha kwanza kakutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza, msamiati wake ni mdogo, sentensi zake ni zile alizofundishwa na wewe na aliyekutangulia. Maneno yake lazima yatabirike, ndio aliyonayo! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani mwaka 2023 walichukua insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa, wakazipitisha kwenye vipimo saba vya aina hiyo. Insha zote ni za binadamu. Kwa wastani zaidi ya asilimia 61 ya hizo insha ziliambiwa ni za mashine. Insha za watoto wa Kimarekani wa darasa la nane zilipita karibu zote salama. Na OpenAI wenyewe, hao hao walioitoa ChatGPT Novemba 2022, walitoa kipimo chao Januari 2023, wakakiri tangu siku ya kwanza kwamba kinakamata asilimia 26 tu ya maandishi ya AI na kinamsingizia binadamu mara 9 katika kila 100, na ilipofika Julai mwaka huo huo wakakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Waliotengeneza mashine walishindwa kuitambua kazi ya mashine yao. Hapo hapo sikwambii binti yako hakuibia. Nakwambia tu kwamba ile namba haikuwahi kukuambia kitu chochote kumhusu yeye, kwa hiyo jaribu kuiondoa mezani kabisa, usiipunguze tu kutoka 94 iwe 50.

La pili ni kule kunyamaza. Umeandika uliona kunyamaza ni kukiri. Mwalimu wangu, mtoto wa kike wa miaka kumi na sita hivi, Madam wake yuko mbele, wenzake 51 wanacheka, kaulizwa "wewe unajua kuandika hivi?", ulitaka ajibu nini? Akisema ndio najua, ni jeuri. Akisema sijui, amejifunga mwenyewe. Tumewalea tangu chekechea kwamba mkubwa akikukaripia unainamisha kichwa, sasa akikiinamisha tunakisoma kama hati ya mashtaka. Huenda alinyamaza kwa hatia. Huenda alinyamaza kwa adabu, au kwa mshangao wa kuona kwamba sentensi aliyoihangaikia zaidi ndiyo inachekwa. Umeona mwenyewe kwenye historia alivyoiandika mara tatu, kutoka kelele, kulia, mpaka kuongea.

Na hiyo sentensi naomba nikae nayo kidogo maana imenigusa. Wewe uliposoma mafuta yameanza kuongea ukaona ni maneno makubwa mno kwa mtoto wa maksi 10. Mimi nilivyosoma nikamsikia bibi yake. Hicho ni Kiswahili cha jikoni kimevalishwa Kiingereza, mtu aliyekulia pembeni ya karai anajua mafuta yasipoongea hutii samaki. Inawezekana kabisa huyu mtoto hajawahi kuwa wa maksi 10, ila vichwa vya habari tulivyokuwa tunampa, zile "My School" na "My Best Friend", havikuwahi kumuuliza kitu anachokijua. Nasema inawezekana. Mashine nazo siku hizi zinatoa sentensi za kupendeza, siwezi kuapa kwa niaba ya mtu nisiyemjua.

Sasa aya mbili zilizotua kwa mpigo. Hizi hata mimi zinanipa maswali na usijilaumu kwamba zinakupa wewe. Lakini hesabu njia zinazoweza kufikisha maneno pale kwa mpigo. Bando likiisha saa nne usiku mtoto anaweza kuendelea kuandika kwenye notisi za simu, au anajitumia mwenyewe WhatsApp, likirudi anahamisha yote. Au alisema kwa mdomo kwa Kiingereza chake, ile kibodi ya Google unaiongelesha nayo inaandika. Au, na hii ndio inanijia sana kichwani, aliandika zile aya kwa Kiswahili kwa sababu soko la alfajiri linamjia kwa Kiswahili, halafu akazipitisha Google Translate. Au alimwomba dada yake. Au ndio, alimwomba ChatGPT. Ukiziangalia hizo njia tano hazifanani hata kidogo. Ya kwanza na ya pili hazina kosa lolote. Ya tatu ni swali gumu, mawazo ni yake na maneno ya Kiswahili ni yake, Kiingereza ndio si chake, je uliwahi kuwaambia darasani kwamba hairuhusiwi? Nauliza kweli, maana kwenye barua sijaona kama ulikaa nao mkakubaliana kipi kinaruhusiwa na kipi hapana. Kama hamkukubaliana, mtoto kaadhibiwa kwa sheria aliyoisikia siku ya hukumu.

Njia ya kujua ipo moja tu, ni kuongea naye, na hapo ndio pagumu. Ukimuita ofisini mbele ya walimu wengine umefungua kesi upya. Ukimpa mtihani wa papo kwa papo, "kaa hapa andika nione", unaweza ukapata karatasi tupu nyingine, kwa sababu mkono uliochekwa hauandiki vizuri ukiwa unasimamiwa, utabaki bila jibu na yeye atakuwa ameumia mara mbili. Wapo walimu wanaofungua ile historia wanakaa na mtoto pembeni wanaiangalia pamoja kama watu wanaoangalia picha za zamani, wanamuuliza "hapa ulifikiria nini mpaka ukafuta?", na mtoto aliyeandika mwenyewe huwa anaanza kusimulia bila kujijua. Ungeanza na sehemu uliyoipenda, ya mafuta, kabla hujagusa zile aya mbili. Akikuambia kuna Kiswahili chake mahali, muombe akuonyeshe. Hatari yake ni hii, anaweza akakuambia ukweli usioupenda, kwamba zile aya zilitoka kwa mashine, na hapo utatakiwa uwe umeshajiandaa utafanyaje na huo ukweli, maana ukimpa sifuri tena baada ya yeye kukufungulia moyo hatakufungulia tena wala wewe wala mwalimu mwingine.

Kuhusu radhi. Umefunga vitu viwili kamba moja ndio maana vinakuelemea. Kama aliibia au hakuibia, hilo ni swali moja. Kwamba ulimtaja jina, ukasoma maneno yake kwa kejeli, ukamhukumu kwa namba ya tovuti usiyoijua, hilo ni jingine, na hili la pili limeshatokea vyovyote vile jibu la kwanza litakavyokuwa. Unaweza kuomba radhi kwa hili bila kutamka neno lolote kuhusu lile. "Nilikosea namna nilivyolifanya jambo lile na kipimo nilichokitumia hakiaminiki." Darasa halitajifunza kudanganya kwa sentensi hiyo. Wapi uiseme, hapo nisikuamulie. Aibu ilikuwa ya hadharani kwa hiyo radhi ya chumbani inaweza kumwacha na kicheko kile kile mgongoni. Lakini wapo watoto ambao kutajwa tena mbele ya wenzao, hata kwa wema, ni kuchanwa kidonda upya. Muulize yeye kwanza. Akisema hataki, mheshimu, na ile sifuri unaweza kuiondoa bila hotuba. Nimewasikia walimu wanasema maji yakimwagika hayazoleki, mimi nimewaona watoto wanaozoa, ila kwa wakati wao.

Mkuu wa shule. Nadhani hajatumwa na ubaya, kaona namba na namba zinampa mtu mwenye shule nzima mabegani kitu cha kushika. Ukienda kwake na machozi atakuona umelegea. Ukienda na takwimu za Stanford na habari ya OpenAI, na ukamuonyesha ile historia ya Google Docs kama njia nyingine ya kufuatilia kazi, unampa kitu badala ya kitu. Bado anaweza kukataa, na mradi ukafungwa, hilo lipo. Kuna na jambo la sheria ambalo linaweza kumfanya asikilize, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na insha za watoto zimejaa majina yao, ndugu zao, wanapoishi, magonjwa ya nyumbani. Kila insha ya mtoto ikipakiwa kwenye tovuti ya bure ambayo hakuna anayejua inazipeleka wapi, shule inajiweka pabaya. Hili linakuhusu na wewe kidogo, na zile komenti za ChatGPT pia, kwa hiyo kama utaendelea kutumia basi angalau toa majina kwanza.

Na hapo ndio tumefika kwenye siri yako. Nimeipenda roho yako kwa kuiandika. Usijiite mwizi haraka hivyo. Insha 150 kwa mtu mmoja haziwezekani, huo ndio ukweli ambao hakuna mtu ofisini kwenu anautamka. Lakini jiulize swali moja, ile komenti iliyomfanya yule kijana aongeze mistari sita, "mjomba alikuwa wapi?", ilikuwa yako au ya mashine? Nina hakika ilikuwa yako, maana uliiandika kabla hujazidiwa, na ni komenti ya mtu aliyetaka kweli kujua habari za mjomba. Maneno saba tu. Mashine ingemwandikia aya nzima ya kumwelekeza kuhusu muundo na mtiririko, na sijui kama angejibu. Huenda hawahitaji komenti nyingi kiasi unachofikiri. Wapo wanaosoma insha kumi tu kwa wiki kwa zamu na kuweka swali moja kila moja, nyingine watoto wanasomeana wenyewe, wengine wanaifanya kompyuta iwasomee insha yao kwa sauti, mtoto anasikia mwenyewe pale neno lilipokosekana, "he go" inamkwaruza sikio kabla ya kukukwaruza wewe. Kuwaambia darasa kwamba baadhi ya komenti zilisaidiwa na AI ni njia nyingine, inaweza kufungua mazungumzo mazuri sana ya kipi ni msaada na kipi ni kuandikiwa, wewe ukiwa mmoja wao. Inaweza pia kumfikia mkuu wa shule kwa sura mbaya na ukaitwa kujieleza. Unamjua wewe, mimi simjui. Ila naona vigumu kukaa na yule binti kumuuliza aya zake mbili wakati zako hujazigusa hata kimoyomoyo.

NECTA ni kweli, kidato cha nne watakaa na kalamu na karatasi, hakuna kufuta wala kurudi nyuma. Anayezoea kompyuta tupu mkono utamuuma na hati itamharibikia, hiyo ni hatari ya kweli na usiidharau. Lakini kinachobebwa mpaka chumba cha mtihani ni ile tabia ya kujiuliza "msomaji ataelewa hapa?", na hiyo watoto wako wameanza kuipata kwenye zile mashine 14. Wengine wanachanganya, rasimu ya kwanza daftarini kwa mkono na saa mezani, marekebisho kwenye kompyuta, umeme ukikatika wanaendelea daftarini. Na uzuri mwingine wa rasimu ya mkono, ukija kuwa na shaka una pa kuanzia mazungumzo.

Jambo moja la mwisho limenikaa tangu nilivyosoma barua yako mara ya kwanza. Binti aliandikia nyumbani, kwenye simu, usiku nne, saa tatu mpaka saa tano. Wanafunzi wetu wengi hawana simu zao, kwa hiyo mara nyingi simu hiyo ni ya mama, au ya bibi mwenyewe. Baba alikupigia. Mwenye simu hujaongea naye, na ndiye aliyekaa usiku wote ule akisubiri simu yake irudi. Usiende kwake kama mpelelezi, na binti ajue kwamba unaenda. Unaweza kwenda hata kwa kununua samaki tu pale Deep Sea asubuhi moja ya Jumamosi, ukamsalimia bibi, ukamwambia mjukuu wako ameniandikia habari zako. Kisha nyamaza uone atakwambia nini.